Kuyajua Maji: Hotuba kuhusu Upishi wa Kishi Nyumbani

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu wa mapishi, kina mama na kina baba mnaopika majumbani, pamoja nanyi vijana mnaouza vitafunio kwa kuagizwa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumze juu ya kishi, chakula ambacho Wafaransa wenyewe hukiandika quiche, na ombi hilo nimelipokea kwa furaha kwa sababu ni chakula ninachokipenda na ambacho, kwa maoni yangu, hakijatendewa haki katika meza zetu. Mara nyingi mgeni kwenye sherehe huandaliwa kipande kilichokauka juu, chenye majimaji katikati na ganda lililolowa chini, akakila kwa adabu, kisha akaondoka akiamini kuwa hivyo ndivyo kishi ilivyo. Sivyo ilivyo hata kidogo. Kishi iliyopikwa vyema ina ganda kavu ambalo kisu kikipita husikika linavunjika, na ndani yake mayai na krimu vimegandana kwa ulaini, hata kipande husimama kwenye sahani bila kumwagika na bado hakihitaji kutafunwa. Tofauti baina ya vyakula hivyo viwili haitokani na bei ya viungo wala na oveni ya kifahari. Inatokana na maji. Yamo maji katika siagi, yamo tunayoyatia katika unga, yamo katika mboga, yamo katika maziwa na katika mayai yenyewe, na kazi kubwa ya mpishi wa kishi ni kujua maji ya kila kimoja yatakwenda wapi chakula kikikutana na moto.

Kabla ya kufika jikoni, naomba tukijue chakula hiki kwao. Kishi ni ya Lorraine, eneo la kaskazini-mashariki mwa Ufaransa linalopakana na Ubelgiji, Luxembourg na Ujerumani, ambalo kwa karne nyingi lilikuwa na watawala wake lenyewe, hadi mwaka 1766 alipofariki mtawala wa mwisho, Stanisław Leszczyński, aliyepata kuwa mfalme wa Poland, ndipo likaingizwa rasmi katika ufalme wa Ufaransa. Ni nchi ya baridi, ya ng'ombe wa maziwa na ya nguruwe, na kwa hiyo krimu, mayai na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi vilikuwa vitu vya kila nyumba. Ganda la zamani halikuwa la siagi kama tulijualo leo. Lilikuwa donge la unga wa mkate lililosukumwa likawa jembamba na kuokwa pamoja na mikate. Mchanganyiko wa mayai na krimu wenyeji huuita migaine, na wale wanaoshika mapokeo watakuambia kuwa kishi ya Lorraine ni ganda, migaine, vipande vya nyama ya nguruwe, chumvi, pilipili manga na kungumanga kidogo iliyokunwa, basi. Jibini haimo. Ukitia jibini ya Gruyère, watasema umepika kishi ya Vosges, ile milima iliyo upande wa mashariki; ukitia vitunguu, watasema umepika ya Alsace kwa majirani.

Historia hiyo ina faida kwetu jikoni, kwani inatuonyesha kuwa moyo wa kishi ni ganda na mchanganyiko wa mayai na krimu, na kwamba kila kitu kingine ni mgeni anayekaribishwa kwa kiasi. Muislamu asiyekula nguruwe hajapungukiwa chochote katika sanaa hii, wala asiyekula nyama kabisa. Mwaka 2023, alipotawazwa Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza, Jumba la Buckingham lilitangaza kishi kuwa chakula cha karamu za mitaani za siku hiyo, na kishi yenyewe ilijazwa spinachi, maharage mapana, jibini ya chedda na majani ya tarragoni, bila kipande cha nyama ndani. Na kungumanga ambayo Wafaransa wanaikuna juu ya migaine yao, sisi tunaivuna Unguja na Pemba, mbichi na yenye harufu kamili. Anayeinunua ikiwa tayari imesagwa anajinyima bure.

Sasa tuanze na ganda, na hapa nitakaa kwa muda kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, na tunakwama kwa sababu ya ustadi wetu wenyewe. Sisi tuliolelewa na chapati tumefundishwa tangu utotoni kuukanda unga kwa nguvu ya viganja mpaka uwe laini na unyumbuke. Mafunzo hayo ni sahihi kabisa kwa chapati. Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa hushikana zikafanya utando unaovutika, unaoitwa gluteni, na utando huo ndio unaoiwezesha chapati kusukumwa ikawa pana bila kutatuka. Katika ganda la kishi utando huohuo ni balaa: ukiingia katika oveni hujikunja, kingo za ganda huteremka chini, na kilichobaki huwa kigumu kwa meno. Kwa hiyo mkono uliozoea chapati unatakiwa uache mazoea yake kwa muda wa dakika kumi, na nawaambia kwa uzoefu wa kufundisha kwamba jambo hilo ni gumu zaidi kwa mpishi hodari kuliko kwa anayeanza.

Kwa bati la kuokea lenye upana wa sentimita 24 na kina cha sentimita 3, chukua gramu 250 za unga wa ngano wa kawaida, gramu 125 za siagi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na maji baridi ya barafu kati ya mililita 50 na 60. Mafuta yawe nusu ya unga kwa uzito; uwiano huo ukiukumbuka, huhitaji kitabu. Kata siagi vipande vidogo, itie katika unga, kisha ifikiche kwa ncha za vidole, ambazo zina joto dogo kuliko viganja, mpaka uone unga umekuwa chengachenga na bado kuna vipande vya siagi vya ukubwa wa njegere vinavyoonekana. Kila chembe ya unga iliyopakwa mafuta ni chembe ambayo maji hayataifikia kwa urahisi, na ndiyo maana mafuta hutangulia na maji hufuata. Vile vipande vilivyobaki vina kazi nyingine: siagi ina takriban asilimia 80 ya mafuta na asilimia 16 hivi ya maji, na siagi hiyo ikiyeyuka ndani ya oveni, maji yake hugeuka mvuke na kuzitenga tabaka za unga, ndipo ganda likapata wepesi wake.

Tatizo letu ni joto. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi joto kati ya 32 na 35, na ipo mikoa mingi ya pwani yetu ambako jiko la saa nane mchana limeshafika hapo. Mapishi yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi hayatuambii lolote kuhusu jambo hili kwa sababu waandishi wake hawana shida hiyo. Fanya kazi asubuhi na mapema. Uweke unga wenyewe katika jokofu kwa nusu saa kabla ya kuanza, pamoja na bakuli. Ukiona siagi imeanza kung'aa na kunata vidoleni, acha kila kitu, rudisha bakuli katika jokofu kwa robo saa, kisha endelea. Huko si kupoteza muda, kwa sababu siagi iliyokwisha kuyeyuka ndani ya unga haitakupa tena tabaka hata ukiigandisha usiku kucha.

Wengi wataniuliza kuhusu majarini na samli, kwa kuwa siagi ni ghali. Majarini ngumu ya kuokea inafaa, ingawa ladha yake ni hafifu. Zile laini za kupaka mkate, hasa zilizoandikwa kuwa zina mafuta machache, zina maji mengi mno na zitakupa ganda gumu hata ufanye nini. Samli ni jambo jingine kabisa, nami naiheshimu. Ni mafuta matupu yasiyo na maji, kwa hiyo gramu 100 zake zinatosha badala ya gramu 125 za siagi, na unga utahitaji maji zaidi kidogo. Ganda lake halina tabaka. Humung'unyuka kama biskuti, na harufu yake ina nguvu. Kwa kishi ya kuku au ya vitunguu ninaipenda sana. Kwa kishi ya samaki siishauri.

Maji ya barafu yatiwe kwa kijiko, kidogokidogo, huku ukichanganya kwa uma. Utajua yametosha pale unapoubana unga mkononi ukashikamana bila kunata. Usikande. Ukusanye, uubonyeze uwe duara bapa, uufunge kwa nailoni na uuache katika jokofu kwa saa moja nzima. Katika saa hiyo maji husambaa sawasawa katika unga, gluteni iliyojitokeza hulegea, na siagi hushika tena. Kisha chukua kibao chako na mti wako wa kusukumia chapati, maana kifaa bora kuliko hicho hakuna, usukume mpaka unene ubaki milimita tatu, uuviringishe kwenye mti na uutandaze juu ya bati. Usiuvute ili ufike kwenye kona. Uinue na uushushe ukae wenyewe, kwa sababu kila sehemu uliyoivuta itarudi ilikotoka ikipata moto. Bati likishavikwa, lirudi katika jokofu kwa nusu saa nyingine.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi, nami naomba msiiruke: ganda liokwe peke yake kwanza. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Maadamu kitu kimegusana na maji, joto lake haliwezi kupita nyuzi 100, na unga hauanzi kubadilika rangi na kukauka mpaka upite hapo. Ukimimina mayai na krimu juu ya unga mbichi katika oveni ya moto mdogo, sehemu ya chini itachemka badala ya kuokwa, na utapata ule utando wa kijivu tunaoujua sote. Wapo wapishi wa Ufaransa wasiooka ganda kwanza, lakini kishi zao ni nyembamba, oveni zao zina moto mkali wa chini na mchanganyiko wao ni mchache. Sisi wenye oveni za kawaida tusiwaige katika hilo.

Tandaza karatasi ya kuokea juu ya unga, ijaze maharage makavu au mchele mpaka kwenye kingo, na uoke kwa nyuzi joto 200 kwa dakika 15 hadi 20. Ondoa karatasi na maharage, rudisha ganda kwa dakika nane hadi kumi, mpaka chini kuwe kukavu na rangi imeanza kuwa ya dhahabu. Hapohapo, likiwa bado la moto, lipake ute wa yai kwa brashi na ulirudishe ndani dakika moja. Ute huo huganda na kuziba vitundu vyote vidogo. Maharage hayo hayafai tena kupikwa, lakini yakiwekwa katika kopo yatakutumikia kwa kazi hiyohiyo kwa miaka. Bati la chuma hushika moto haraka kuliko bakuli la kioo au la udongo, na ukiweka sinia tupu ndani ya oveni lipate moto mapema, kisha ukaliweka bati juu yake, sehemu ya chini itakushukuru.

Nije kwenye mayai. Kwa bati lile nililolitaja, tumia mayai manne, mililita 200 za krimu na mililita 200 za maziwa yasiyotolewa mafuta. Mayai manne ya kuku wa kisasa bila maganda yana uzito wa takriban gramu 200. Mayai ya kienyeji ni madogo, kwa hiyo yapime kwa mizani na uongeze la tano ikibidi. Ukipunguza mayai, mchanganyiko hautashika. Ukiyazidisha, utakuwa umepika kimanda ndani ya ganda. Krimu inatakiwa kwa sababu mafuta yake huingia kati ya protini za mayai na kuzizuia zisibanane kupita kiasi. Pasipokuwa na krimu, malai iliyoondolewa juu ya maziwa yaliyochemshwa ni mbadala mzuri kabisa, na maziwa mazito ya kopo yasiyo na sukari yanafaa pia ingawa yana ladha ya kupikwa. Kwa kishi ya kamba au ya samaki nimetumia tui la kwanza mahali pa krimu, na mayai hugandana nalo vizuri. Chakula hicho ni kitamu na hakina haja ya kuitwa cha Lorraine.

Naomba mnisikilize kwa makini hapa kwa sababu hapa ndipo kishi huokolewa au huharibika. Protini za mayai yaliyochanganywa na maziwa huanza kushikana vizuri kwenye nyuzi joto kati ya 75 na 80. Zikishikana kwa kiasi hicho hutengeneza wavu mlegevu unaobeba maji yote ya maziwa na krimu ndani yake, na ulaini tunaoutafuta ni huo. Joto likiendelea kupanda mpaka kupita 85, wavu huo hujikaza, na ukijikaza hukamua maji. Yale majimaji mnayoyaona kwenye sahani chini ya kishi iliyokatwa, ambayo watu huyalaumu mboga au maziwa mepesi, mara nyingi yametoka katika mayai yaliyozidishiwa moto. Kwa maneno mengine, kishi yenye maji maji si lazima iwe imepikwa pungufu. Mara nyingi imepikwa kupita kiasi, na mpishi anayeirudisha katika oveni ili ikauke anazidi kuiharibu.

Wako wanaochanganya jambo hili na kastadi ya unga ambayo tunaijua sote. Ile kastadi ina wanga wa mahindi, na wanga hustahimili kuchemka. Mayai pekee hayastahimili. Kijiko kimoja cha chai cha unga laini wa mahindi wa kutengenezea kastadi kikitiwa katika mchanganyiko wa kishi kitalinda mayai kidogo, na kwa yule anayeuza na kusafirisha vipande kwenye jua simlaumu akifanya hivyo. Nyumbani, kwa chakula cha familia, sioni sababu, kwani wanga huo hufifisha ladha ya krimu na kuuacha ulimi na unga.

Piga mayai kwa uma mpaka ute na kiini vichanganyike tu, bila kutoa povu, kwa sababu povu huumuka katika oveni kisha huporomoka na kuacha uso wenye mashimo. Tia krimu, maziwa, pilipili manga, kungumanga na chumvi, halafu uchuje kwa chujio laini. Chumvi iwe ndogo iwapo utatia jibini, samaki wa moshi au nyama iliyotiwa chumvi.

Vya kujazia viwe gramu 200 hadi 250 kwa jumla, na visizidi. Najua desturi yetu ya ukarimu inatusukuma tujaze mpaka juu, lakini bati lililojaa mboga halina nafasi ya mayai kufanya wavu wake, na kipande hakitasimama. Kila kitu kipikwe kwanza, kikaushwe, na kipoe kabla hakijaingia. Mchicha na spinachi ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Uchemshwe kidogo au uviringishwe katika kikaango kikavu mpaka ulegee, kisha ukamuliwe ndani ya kitambaa safi kwa nguvu ya mikono yote miwili, halafu ukatwekatwe na ukamuliwe tena. Uyoga ukaangwe katika kikaango kipana, kidogokidogo, mpaka maji yake yatoke yote na yakauke yote na uanze kupata rangi, ukiurundika utachemka. Vitunguu vipikwe kwa siagi na moto mdogo kwa nusu saa, mpaka viwe vitamu na vya rangi ya kahawia. Hivyo pekee, bila kitu kingine, hutoa kishi ambayo ningeipendelea kuliko nyingi zenye nyama. Nyanya siipendekezi. Anayeipenda aitoe mbegu, aitie chumvi na aioke mpaka isinyae, vinginevyo italowesha kila kitu.

Kwa nafasi ya nyama ya nguruwe ya Lorraine, kinachotafutwa ni moshi na chumvi, na sisi tuna kitu kizuri sana cha namna hiyo: samaki wa Ziwa Victoria waliokaushwa kwa moshi, sato au sangara. Mchambue kwa uangalifu, uondoe miiba yote na ngozi, uonje chumvi yake kabla hujatia chumvi nyingine, kisha umtawanye juu ya ganda pamoja na vitunguu vichache vilivyopikwa. Gramu 150 zinatosha kwa sababu moshi wake hutawala. Kuku wa kuchoma aliyebaki jana, aliyechambuliwa, ni mzuri pia. Kuhusu jibini, ukiwa nayo tumia gramu 80 hadi 100 za jibini ngumu iliyokunwa, na ukiwa huna, usisikitike, kwa maana wenye chakula chao hawakuitia.

Tandaza vya kujazia katika ganda, weka bati ndani ya oveni likiwa bado halina mchanganyiko, kisha umimine mchanganyiko hapohapo kwenye waya wa oveni, usije ukamwagika njiani na kupita nyuma ya ganda. Oveni iwe imeshushwa hadi nyuzi 160. Baada ya dakika 30 anza kuangalia. Nyingi huiva kati ya dakika 35 na 45. Kingo zikiwa zimeshika na sehemu ya katikati, yenye upana wa vidole vitatu au vinne, bado inatikisika kwa pamoja ukiligusa bati, toa. Ukisubiri mpaka katikati kuvimbe na kupasuka, umeshachelewa. Joto lililo kwenye kingo litaendelea kuingia ndani kwa dakika kadhaa baada ya kuitoa, na litamalizia kazi. Mwenye kipimajoto cha chakula akichome katikati. Kikisoma nyuzi 77, kishi imeiva. Kifaa hicho hakina bei kubwa, na kwa mtu anayeuza ningekiona cha lazima, sambamba na kipimajoto cha kutundika ndani ya oveni, kwa sababu oveni nyingi za majumbani namba zake hazilingani na joto la ndani.

Sijawasahau wanaopika kwa mkaa. Wale wanaookea keki ndani ya sufuria nzito yenye mchanga, makaa juu ya mfuniko na makaa chini, wanaweza kuoka kishi, na wanaifanya vizuri. Ganda liokwe kwa makaa mengi juu na chini. Likishakauka, punguza makaa ya juu yabaki machache sana, acha ya chini kiasi, mimina mchanganyiko, na ufungue mfuniko kila baada ya dakika kumi ili mvuke utoke. Mvuke uliofungiwa hudondoka juu ya kishi, na hayo ni maji mengine yasiyoalikwa.

Ikitoka, iache kwenye waya kwa nusu saa angalau. Ikikatwa ya moto wavu wa mayai bado ni dhaifu na utavunjika. Kishi huliwa ikiwa vuguvugu au imepoa, pamoja na kachumbari au majani mabichi yenye ndimu. Baada ya hapo tuwe waangalifu, kwa kuwa ni chakula cha mayai na maziwa: isikae mezani zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali, la kupita nyuzi 32, isizidi saa moja. Katika jokofu hudumu siku tatu. Kuipasha, tumia oveni ya nyuzi 160 kwa dakika 15 hivi. Maikrowevu huipasha haraka lakini hulirudisha ganda katika ulowevu ule tuliohangaika kuukwepa. Wanaouza wanaweza kusukuma maganda mengi kwa siku moja, wakayagandisha mabichi ndani ya mabati yake, na kuyaoka siku ya oda yakitoka moja kwa moja kwenye barafu. Mchanganyiko wa mayai unaweza kutengenezwa jioni ya kuamkia siku hiyo na kulala katika jokofu ukiwa umefunikwa, na kwa hakika huwa bora zaidi, kwa sababu povu lote huwa limekwisha.

Maswali nitayapokea tukiwa kazini. Unga na siagi vimekuwa katika jokofu tangu alfajiri, mizani ipo mezani, na maganda mawili yaliyokwisha kupumzika yanasubiri kusukumwa. Naomba watu wanne waliozoea kusukuma chapati wanawe mikono na waje mbele.